Nimepata kazi Lubumbashi. Nani atamgeuza mama usiku?

BARUA

Mama mshauri, salamu nyingi kutoka Kipushi.

Mimi ni kijana wa miaka 26, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alifariki nikiwa bado shuleni. Wakubwa wetu wawili walishaondoka nyumbani: dada ameolewa Likasi na ana watoto wanne wadogo, na kaka yuko Afrika Kusini, anakofanya kazi ambayo hatujawahi kuielewa vizuri. Nyumbani tumebaki mimi na mama, pamoja na mdogo wangu wa kike wa miaka 17 aliye mwaka wa tano wa sekondari, na kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka 13 mwenye kifafa.

Mwaka juzi mama alipatwa na kiharusi akiwa sokoni, kwenye meza yake ya ndagala na chumvi. Alilazwa Lubumbashi, akarudi nyumbani amepooza upande wa kuume na ulimi wake mzito, ingawa akili yake iko, kwa maana hata leo anakumbuka wateja waliochukua ndagala kwa deni na hawajalipa. Tangu aliporudi mimi ndiye ninayemwinua, ninayemkalisha na kumgeuza kitandani. Hospitali walituagiza asilale upande mmoja zaidi ya saa mbili, asije akatoka vidonda, kwa hiyo simu yangu hulia usiku kucha kila baada ya saa mbili. Jambo linalonitia aibu kuliko yote ni kumwogesha. Mdogo wangu humwogesha kabla ya kwenda shule, lakini kuna siku nyingi ambapo mama anachafuka baada ya yeye kuondoka. Hapo ninamfunika kitenge, ninatazama pembeni, ninapitisha kitambaa chini ya kitenge, naye anageuza uso ukutani. Hatusemezani mpaka nimekwisha kumwaga maji. Jirani mmoja aliniambia kwamba mtoto wa kiume anayeona uchi wa mama yake anajiletea mkosi, na tangu siku hiyo kila jambo linaloniendea vibaya linanikumbusha neno lake.

Mdogo wetu naye huanguka mara kwa mara. Mwaka jana alianguka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akaungua mkono. Kundi moja la maombi lilituambia tuache kumpa vidonge ili imani ifanye kazi, na kwa sasa tunampa siku fulani na siku nyingine hatumpi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ninatengeneza milango, madirisha na mbabula katika karakana ndogo ya jirani, na umeme ukikosekana hakuna kazi. Watu wananiambia ningoje mgodi, kwa kuwa umefunguliwa upya, nami nimepeleka barua yangu huko kama vijana wote wa hapa. Lakini mwezi uliopita fundi mmoja niliyewahi kumsaidia aliniombea nafasi katika karakana kubwa ya Kampemba, Lubumbashi. Watanifundisha kuchomelea mabomba kwa miezi sita, kwa posho ndogo, kisha watanipa mkataba. Kazi huanza alfajiri, hivyo itanilazimu kupanga chumba huko na kurudi Kipushi Jumamosi jioni. Wanangoja jibu langu hadi mwisho wa mwezi huu.

Nilipowaambia ndugu zangu, dada wa Likasi alilia kwenye simu akaniuliza kama ninataka kumwua mama. Kaka alisema, «Wewe ndiwe baba wa nyumba sasa», akaendelea kunihubiria uvumilivu mpaka simu ikanichoma sikio. Pesa yeye hutuma pakiwa na kilio tu. Mjomba wetu, ndugu wa mama anayeishi Kasumbalesa, alisema tutazungumza, na hajapiga tena. Mdogo wangu wa kike hakusema kitu siku hiyo. Baadaye, tukiwa tunafua mashuka, aliniambia, «Yaya, nenda, mimi nitaacha shule.» Afadhali angenitukana. Yuko pia msichana ninayetaka kumwoa, ambaye wazazi wake wanangoja mahari tangu mwaka jana.

Mama mshauri, liko neno ambalo sijamwambia hata padri. Usiku mmoja simu ilipolia sikuinuka. Nilimsikia mama akiniita, nikakaa kimya gizani, nikamwomba Mungu amchukue. Kisha niliinuka nikamgeuza. Tangu usiku ule ninajiona muuaji, na ninaogopa kwamba hii hamu ya kwenda Lubumbashi si ya kazi, ni ya kumkimbia. Je, nina haki ya kwenda?

Kijana wa Kipushi


JIBU

Mwanangu,

Hospitalini muuguzi anayewageuza wagonjwa usiku hurudi kwake asubuhi akalala, na mwenzake akashika zamu. Wewe umeshika zamu zote tangu mwaka juzi, na asubuhi umekwenda karakanani kuchomelea vyuma. Mtu asiyelala kwa muda mrefu namna hiyo hufika mahali ambapo moyo wake unasema maneno ambayo mchana asingeyatamka, na wote waliouguza mgonjwa kwa muda mrefu wanalijua jambo hilo, hata kama hawalisemi mbele za watu. Usiku ule ulikuwa unataka usingizi. Ukitaka kwenda kwa padri, nenda, umweleze yote, pamoja na kwamba uliinuka ukamgeuza. Mimi sioni muuaji katika barua hii. Namwona mtu ambaye ndugu zake wamemwachia kazi ya watu wanne, kisha wakampa cheo cha baba wa nyumba ili asidai malipo.

Kuhusu kumwogesha mama, sitakuambia kwamba aibu yako ni upuuzi. Mila zetu zimeweka mpaka kati ya mtoto wa kiume na mwili wa mama yake, na mama yako anauheshimu mpaka huo kuliko hata wewe, ndiyo maana anageuza uso. Ila mkosi siuoni. Wewe ulipoona hakuna mwingine, ulifunika, ukatazama pembeni, ukamsafisha. Heshima gani nyingine ungempa? Yule jirani, kama ni mwanamke, alikuwa na njia fupi ya kuuondoa mkosi anaouogopa: angeingia ndani akashika beseni. Kwa hiyo jambo la kwanza kulipanga, hata kabla ya habari ya Lubumbashi, ni kupata mwanamke wa kumhudumia mama asubuhi baada ya mdogo wako kwenda shule. Umetaja padri, basi waone akina mama wa jumuiya yenu ya parokia, uwaulize kama yupo mjane au mama wa makamo anayehitaji kazi ya saa chache kila siku. Mpatane malipo, na alipwe. Ukitegemea huruma tupu itadumu majuma mawili.

Sasa nikuambie lililonisumbua katika barua yako. Umenieleza alivyosema dada na alivyosema kaka, ukaeleza kimya cha mjomba, neno la mdogo wako, hata neno la jirani. Mama yako hajasema kitu. Anageuza uso ukutani, anaita gizani, basi. Hujaniambia kama anajua habari ya kazi ya Kampemba, na nadhani hajui, kwa sababu katika nyumba zetu mgonjwa akishindwa kusimama tunaanza kuzungumza juu yake kana kwamba ametoka chumbani. Upande wa kuume ukipooza, usemi nao huguswa mara nyingi, kwa kuwa vyote viwili huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo; lakini kusema kwa shida hakumaanishi kufikiri kwa shida, na mwanamke anayekumbuka madeni ya ndagala anaweza kuulizwa juu ya maisha yake mwenyewe.

Muulize mchana, siyo usiku mkiwa mmechoka wote wawili. Mkalishe, umpe chai, redio izimwe. Mweleze kazi ilivyo, miezi sita ilivyo, Jumamosi ilivyo. Kisha muulize maswali ambayo anaweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana, au kwa kuufinya mkono wako kwa mkono wake mzima: je, angependa mwanamke amwogeshe? Angekubali kukaa Likasi kwa muda, au hataki kabisa kutoka katika nyumba yake? Anaogopa nini zaidi, usiku au mchana? Akianza neno, mwache alimalize mwenyewe, hata likichukua muda mrefu, usimmalizie. Huenda akakuambia nenda, kwa sababu wazazi wengi wanaumia zaidi kumwona mtoto wao akikwama kwa ajili yao kuliko wanavyoumia kwa ugonjwa. Huenda pia akalia na kukuomba usiende. Akikuomba hivyo, utakuwa umejua anachokiogopa, na hofu iliyotajwa kwa jina hutafutiwa dawa yake, kama ni mtu wa kulala chumbani mwake, au simu yako ya kila jioni, au kitu kingine ambacho mimi na wewe hatujakifikiria.

Baada ya mama, ndugu. Ulifanya wanavyofanya wengi: ulimpigia kila mmoja peke yake na ukamweleza habari kwa namna ya kuomba ruhusa. Dada akapata nafasi ya kulia, kaka akapata nafasi ya kuhubiri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Kwa mtu aliye Johannesburg au Cape Town kumgeuza mama usiku ni maneno mawili tu. Waonyeshe uzito wake. Chukua karatasi, andika siku moja ya nyumba yenu tangu saa kumi na moja alfajiri hadi alfajiri ya pili: nani anachota maji, nani anampa mama dawa na saa ngapi, nani anafua mashuka, nani anaamka saa sita, saa nane, saa kumi za usiku. Jina lako litajaza karatasi. Chini yake andika gharama za mwezi, dawa, makaa, sabuni, unga wa bukari, ada ya shule. Piga picha karatasi hiyo, uwatumie wote kwa wakati mmoja, kisha umwombe mjomba aitishe kikao.

Mjomba namtaja kwa makusudi. Sijui kabila lenu, lakini kama ninyi ni Walamba, Wabemba au watu wengine wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, ndugu wa mama ana neno kubwa juu ya dada yake, na neno kubwa lina gharama zake. Aliposema tutazungumza alijifunga mwenyewe. Usingoje apige, panda gari uende Kasumbalesa, ukae mbele yake na karatasi yako. Ni vigumu kumwambia mpwa aliyekaa sebuleni kwako kwamba mtazungumza.

Katika kikao usiombe «msaada», maana neno hilo kila mtu hulipima kwa kijiko chake. Mwombe kila mmoja kitu kimoja kinachojulikana. Kaka atume kiasi kilekile kila mwezi, kwa tarehe ileile, kwenye simu ya mdogo wako wa kike na siyo kwenye yako, ili ukiwa Lubumbashi pasiwe na mtu wa kusema kwamba unakula pesa za mgonjwa. Kiasi hicho kitoshe kwanza kumlipa yule mama wa asubuhi. Dada wa Likasi mwenye watoto wanne pengine hana pesa, na tusimdhulumu. Lakini anaweza kuja likizo za shule na kushika usiku, ili aone kile alichokilia kwenye simu. Mjomba atachangia dawa. Kaka akirudia habari ya baba wa nyumba, mjibu kwa heshima kwamba Sheria ya Familia ya nchi yetu ya Kongo, ya mwaka 1987 na kurekebishwa 2016, inaweka wajibu wa kutunzana kati ya wazazi na watoto, kwa kuangalia haja ya anayetunzwa na uwezo wa anayetunza, na kwamba mama alizaa watoto watano. Sikushauri kumpeleka ndugu yako mahakamani. Nataka tu ujue kwamba cheo alichokupa ni chake mwenyewe.

Mdogo wako wa kike asiache shule. Hapa sina majadiliano. Mwakani ana mtihani wa Serikali, na diploma hiyo ndiyo mali pekee ambayo nyumba yenu inaweza kumpa sasa. Umejionea jinsi familia inavyomtafuta mwenye moyo laini kuliko wote na kumwachia kila kitu. Wewe ukiondoka bila mpango, huyo binti ndiye atakayekuwa wewe, na hakuna karakana itakayomwita. Mwambie waziwazi kwamba umelisikia neno lake na umelikataa.

Huyu mvulana mwenye kifafa anahitaji vidonge kila siku bila kuruka. Kumpa leo na kumnyima kesho ni hatari kuliko mnavyodhani, kwa sababu dawa ikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kufuatana bila nafasi ya kupumua. Anayetaka kumwombea na amwombee, mtoto akiwa amekwisha kumeza dawa yake. Rudini naye kituo cha afya mkaeleze ukweli, kwamba mlikuwa mnaruka siku, wapange upya kipimo. Fenobarbitali, moja ya dawa za kifafa, si ya bei kubwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Akianguka, mlazeni kwa ubavu, ondoeni kila kitu cha kumwumiza karibu naye, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali. Mate yake hayaambukizi mtu. Na mbabula, kwa kuwa wewe ni fundi, itengenezee kizimba cha vyuma kabla hujaondoka. Ninasema haya yote kwa sababu mtoto wa miaka 13 ambaye haanguki ovyo si mgonjwa wa pili ndani ya nyumba. Anaweza kumpa mama maji, kukaa naye na kumsaidia kugeuka jioni.

Kuhusu usiku: yale maagizo ya saa mbili mlipewa mama alipotoka hospitali, hajiwezi kabisa. Mwombeni muuguzi aje amtazame upya. Wagonjwa wengi, baada ya muda, hujifunza kujigeuza wenyewe kwa kushika kamba au chuma kilichofungwa kwenye kitanda kwa mkono ulio mzima, na chuma cha kitanda nadhani sihitaji kumfundisha fundi. Muuguzi ndiye atakayesema kama mnaweza kurefusha muda kati ya mageuzo na namna ya kuikagua ngozi yake kila asubuhi, hasa mgongoni, kiunoni na kwenye visigino. Apime pia shinikizo la damu. Umeniandikia mengi, dawa za presha hukuzitaja, na presha isiyotibiwa ndiyo njia ya kiharusi cha pili.

Mgodi usikufunge macho. Ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024, na katika miaka hiyo yote wako waliozeeka Kipushi wakingoja. Barua yako iache huko ilipo, lakini mtu anayejua kuchomelea mabomba ataajiriwa hata mahali ambapo hakupeleka barua.

Msichana mwambie ukweli: hakuna mahari kabla ya mkataba. Usimwoe mapema ili upate mtu wa kumwogesha mama. Nimewaona wanawake walioolewa hivyo.

Unauliza kama hamu yako ni ya kazi au ya kukimbia. Huenda ni vyote viwili, na sioni kosa. Mtu aliyebanwa hutamani hewa na riziki kwa pamoja. Kipushi ni kama kilomita 30 tu kutoka Lubumbashi. Mama akizidiwa usiku, utafika kabla ya kaka yako kupata tiketi. Haki ya kwenda unayo. Mpango ndio usio nao bado, na siku zilizobaki za mwezi huu zinatosha kuuanza.

Kwa hiyo wiki hii waandikie wale wa karakana kwamba umeikubali nafasi. Waombe wakuongezee majuma mawili kabla ya kuanza, kwa sababu ya kifamilia, bila kuwasimulia ugonjwa wote wa mama. Na ahadi ya mkataba baada ya miezi sita waiandike kwenye karatasi yenye sahihi. Wakikataa kuongeza muda, anza tarehe yao, na mjomba aje alale Kipushi majuma hayo mawili.